Sekunde Nane za Brynn Tollefson

Mtu akikuambia kwamba mshambuliaji ni mtu wa watu, mwambie hajawahi kuvaa namba tisa. Akifunga wanamrukia, kweli, wanamkumbatia na kumvuta jezi mpaka inaachia uzi. Lakini hiyo ni nusu dakika. Dakika zote zinazobaki yuko mbele peke yake, mabeki wawili wanamkanyaga vidole, anangoja mpira ambao huenda usije. Darla Hruska aliishi hivyo miaka kumi na minne, akazoea, na alipoacha kucheza akaendelea kuishi hivyohivyo, ila bila mpira.

Chuoni alifunga mabao sitini na moja. Akaenda ligi ya kulipwa, akafunga mengine tisa, kisha kano ya goti ikakatika. Alikuwa kwa mama yake, amelala kwenye kochi na mguu juu ya mito, timu yake ilipovunjwa kwa kukosa mashabiki. Hakuna aliyempigia simu. Lilikuja boksi tu. Ndani mlikuwa na viatu vyake, taulo ambayo haikuwa yake, na barua ya kumshukuru kwa mchango wake, nakala ileile waliyopelekewa wachezaji wote. Hakuwahi kucheza mechi ya mwisho akijua kwamba ni ya mwisho. Hilo lilimuuma kuliko goti.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, kumi na mitano kati ya hiyo akiwa kocha wa wasichana wa Chuo cha Linn Fork, jimbo la Iowa, mji ambao ukishaupita ndipo unakumbuka kwamba umeupita. Uwanja wao umezungukwa na mahindi pande tatu, na upande wa nne ni maegesho ya magari. Wasichana hufika na miaka kumi na minane, huondoka na ishirini na miwili. Kila alipoanza kuwazoea, alikuta wameshavaa majoho. Mume alikuwa naye zamani kwa miaka mitatu, wakaachana bila hata kugombana. Mama yake alifariki miaka miwili iliyopita, wakati wa baridi kali, kaburi likachimbwa kwa mashine.

Darla alikuwa na sheria moja iliyojulikana chuo kizima. Msimu ukianza, hakuna kuzungumza habari ya kitu chochote kinachozidi mechi inayofuata. Mambo ya kazi, kuhitimu, na mwakani yalikuwa marufuku. "Wiki hii tu," alikuwa akisema, na wasichana wakamwigiza sauti mpaka walimu wengine nao wakaiga. Mwenyewe alidai kwamba sheria hiyo ni ya kutuliza akili za wachezaji. Uongo mtupu. Hakutaka kusikia nani anaondoka na lini.

Brynn Tollefson alianza kuja kula ofisini kwake akiwa mwaka wa pili. Alikuwa straika, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka kaskazini mwa jimbo, mrefu, mwenye mdomo. Alisema bwalo lina kelele. Akaja siku moja, akaja ya pili, na baada ya wiki mbili hakuna aliyeuliza tena. Saa sita na dakika tano mlango unasukumwa bila hodi, na miguu yake inapandishwa juu ya ndoo ya takataka.

"Kocha, huu mkate wako wa nyama unanuka soksi."

"Usiule."

"Nani kasema siuli? Nimesema unanuka."

Walibishana kuhusu kila kitu. Kwa nini yule kipa wa Ijumaa anaogopa krosi, nani anajua kupika maharage, kama ng'ombe anaweza kumchukia mtu mmoja na kuwapenda wengine. Brynn alishikilia kwamba anaweza, na alikuwa na ushahidi, alama ya kwato kwenye paja. Darla aliishi kwa nusu saa hiyo. Hakumwambia mtu yeyote, hata moyoni mwake hakukiri sawasawa, lakini kuanzia saa nne asubuhi alikuwa akiangalia saa.

Mwezi wa nane wa mwaka wake wa mwisho, kabla msimu haujaanza, Brynn alisema atamaliza masomo Desemba kisha aende Minneapolis, mjomba wake ana kampuni ya kupaka rangi majumba na amemwekea kazi. Darla akasema vizuri. Hakuuliza zaidi. Wiki mbili baadaye, mechi ya tatu, Brynn aligeuka na mpira karibu na kibendera cha kona, na Darla akausikia mlio akiwa kwenye benchi. Mlio ule anaujua. Alikuwa ameshafika kabla refa hajapuliza filimbi.

"Usinidanganye, Kocha. Ni kano?"

"Ni kano."

"Basi niache nilale hapa kidogo. Nyasi ni nzuri."

Darla alikaa naye pale kwenye nyasi, akapanda naye gari la wagonjwa, na usiku wote hakutoka hospitalini.

Baada ya upasuaji, Brynn alirudi ofisini na magongo yake, akayaegemeza kwenye kabati la mafaili, mguu ukapandishwa tena juu ya ndoo. Mzaha ulipungua. Mara nyingine alikuwa anatafuna kimya, anamtazama Darla kama mtu anayetaka kuomba ruhusa. Siku moja mwezi wa kumi akafungua mdomo.

"Kocha, hivi mwakani..."

"Wiki hii tu, Tollefson."

"Ndiyo, lakini mimi nilikuwa..."

"Wiki hii tu. Nipe chumvi."

Akampa chumvi.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ni siku ya wanaohitimu. Wasichana wa mwaka wa nne wanaingia uwanjani wamewashika wazazi wao mikono, mama anapewa maua, baba anajifanya vumbi limemwingia machoni. Na kuna desturi nyingine, haijaandikwa popote, makocha wanapeana tu. Kama kuna anayehitimu na ni majeruhi, anaandikwa kwenye kikosi cha kwanza. Mpira unaanzishwa, anapasiwa, anaupiga nje taratibu. Wapinzani wanasimama wima bila kumkaribia. Watu wananyanyuka kumpigia makofi, anatoka, anaingia mwenzake, na mechi ya kweli inaanza. Darla aliwaza jambo hilo kwa wiki nzima akiwa na furaha ya mtoto aliyeficha pipi. Yeye mwenyewe hakupewa mechi ya mwisho. Brynn atapewa.

Akampigia simu Rick Baumgart, kocha wa wapinzani.

"Rick, nina ombi."

"Kama ni kufungwa, ondoa shaka. Tutawafunga bila kuombwa."

"Nyamaza basi. Nataka Tollefson aanze. Mguso mmoja, anatoa nje."

"Yule wa goti? Sawa, bwana. Wangu wote watasimama kama milingoti. Mwambie asije akanifunga tu."

Zaidi ya Rick aliwaambia watu wawili tu, refa na mzee Vernon Eickhoff, mtunza karatasi za mechi tangu enzi za mpira wa ngozi. Hakumwambia daktari wa timu wala mwanamke wa ofisi ya kanuni. Brynn mwenyewe hakumwambia pia. Alitaka iwe zawadi ya ghafla, na zawadi ya ghafla haina mikutano.

Chumba cha kubadilishia nguo kililipuka alipotaja jina la kumi na moja. Brynn alikaa na mikono kinywani. Wenzake wakamvua koti, wakamvisha jezi, mmoja akapiga magoti kumfunga viatu. Nje kulikuwa na upepo wa kukata masikio na watu kama mia mbili wamejifunika mablanketi. Saa ya ubaoni, ambayo kwao huhesabu kurudi nyuma, ilisoma arobaini na tano kamili. Filimbi. Pasi fupi. Brynn akaupokea kwa mguu mzima, akautazama kidogo, akausukuma nje. Saa ikasoma arobaini na nne na sekunde hamsini na mbili. Jukwaa lote likasimama, wasichana wa Rick wakapiga makofi, na Brynn akatoka akichechemea, analia, anacheka, akaanguka kifuani kwa Darla. Na Darla akalia mbele ya watu mia mbili, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika mama yake.

Wakafungwa mbili bila, na hakuna aliyejali.

Jumatatu saa sita na dakika tano mlango ukasukumwa.

"Msimu umeisha," Brynn alisema, hajaketi bado. "Sasa naruhusiwa kutaja mwakani, au bado kuna adhabu?"

"Taja."

Akaweka bahasha mezani. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mjomba nimemwambia asinitegemee. Kuna masomo mawili nayaacha, barua hii hapa, naipeleka leo, ili nisimalize Desemba. Na hii ni ya daktari. Niliumia mechi ya tatu, Kocha. Wananirudishia mwaka. Nimesoma mwenyewe. Inatakiwa sahihi yako na karatasi za mechi, basi. Narudi."

Darla aliishika barua ya daktari, na kabla hajafika mstari wa pili roho yake ikashuka mpaka kwenye soksi. Kanuni hiyo aliijua kama anavyojua jina lake. Ameijazia fomu mara nne kwa wasichana wanne. Anayeumia mwanzoni mwa msimu anarudishiwa mwaka, mradi asikanyage tena uwanja katika nusu ya pili ya msimu huo. Hakuikumbuka kwa sababu moja tu. Kichwani mwake, Brynn alikuwa ameshaondoka tangu mwezi wa nane.

"Keti," alisema.

"Mbona umebadilika?"

"Keti, Brynn."

Akamweleza. Hakuzunguka, hakujitetea. Brynn alisikiliza mdomo ukiwa wazi.

"Sekunde nane?"

"Hata moja."

"Lakini sikucheza! Niliupiga nje! Kila mtu aliona niliupiga nje!"

"Ulikuwa kikosi cha kwanza. Umeandikwa."

"Kwa hiyo ningekaa kwenye benchi na koti langu, ningekuwa na mwaka mzima." Akacheka kicheko kibaya. "Mama ameweka picha ya siku ile jikoni, unajua? Wewe na mimi. Ameiwekea fremu."

Alichukua bahasha yake, akaacha mkate mezani haujafunguliwa.

Jumatano akaja mzee Vernon, kofia mkononi, akafunga mlango kwa nyuma. Alikuwa na miaka sabini na tisa na alimwita kila mtu chini ya sitini mtoto.

"Mtoto wangu, nimesikia. Nisikilize na usinikatize. Karatasi ya mechi inaruhusiwa marekebisho mpaka Ijumaa. Kamera ya mtandaoni ya vijana wa chuo ilianza kuonyesha dakika ya kumi na tano, kama kawaida yake, mashetani wale. Naandika kwamba alianza yule mdogo aliyempokea, Petrakis. Nilikosea kusoma namba. Macho yangu mabovu, dunia nzima inajua."

"Vernon."

"Nimesema usinikatize. Rick nimeshaongea naye. Anasema wakati ule alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, hakuona kitu. Refa ni shemeji wa binamu yangu. Kilichobaki ni sahihi yako hapa chini." Akaweka karatasi mezani, mpya, safi, jina la Brynn halimo. "Ni msichana mzuri. Na wewe, samahani kusema, huyo mtoto akiondoka utaongea na nani? Na kabati?"

Akavaa kofia yake akatoka.

Darla alikaa na karatasi ile siku mbili. Aliibeba kwenye begi kwenda uwanjani, akairudisha nyumbani, akailaza mezani penye kiti kimoja kilichozoea kukaliwa. Angeweza kujisifu baadaye kwamba ni uaminifu uliomzuia, na watu wangemwamini. Lakini si hivyo. Alhamisi asubuhi, akisaga kahawa, alijikuta anapanga. Januari wataanza kuukunja mguu kidogokidogo, Machi watakimbia pamoja kuzunguka mahindi, na saa sita kila siku, mwaka mzima, mlango utasukumwa. Alikuwa anatabasamu peke yake jikoni. Akashtuka na kuona aibu. Aliutaka mwaka ule kuliko Brynn mwenyewe. Kama karatasi ikigundulika, yeye atapoteza kazi tu, lakini Brynn atakuwa mtu wa miaka ishirini na miwili aliyebeba uongo kwa jina lake, ili mwanamke mmoja apate mtu wa kula naye mkate.

Ijumaa akasaini ile ya zamani, yenye jina la Tollefson. Akaambatanisha barua ndefu ya rufaa. Aliandika kwamba kosa ni lake, mchezaji hakujua lolote, na kama kuna adhabu basi apewe yeye, hata wamfungie msimu mzima. Kisha akamwita Brynn.

"Vernon yuko tayari," Brynn alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, gongo moja tu sasa. "Rick yuko tayari. Mimi niko tayari. Wewe peke yako ndiye malaika."

"Mimi si malaika."

"Ni kama umetufungia goli la kujifunga, kisha unanieleza sheria ya kuotea. Unajua inavyosikika?"

"Rufaa inaweza kukubaliwa."

"Umewahi kuona ikikubaliwa?"

"Hapana."

"Haya. Asante, Kocha." Akaenda, gongo likigonga sakafu mpaka mwisho wa korido.

Tangu siku hiyo hakuja tena kula. Saa sita na dakika tano Darla aliendelea kuinua macho kutazama mlango, mwili haujui habari ya ugomvi. Jibu la rufaa lilifika baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, mistari minne, ombi halikukubaliwa, wanamtakia mchezaji kila la heri. Hata adhabu hawakumpa kocha. Alituma nakala kwa Brynn na akapata jibu la neno moja: sawa.

Katikati ya Desemba mitihani ikaisha na chuo kikaanza kumwagika. Magari ya wazazi yalijaa maegesho, theluji imekanyagwa ikawa tope jeusi. Darla alimwona Brynn kutoka dirishani akipakia mito na taa ya mezani kwenye gari lake dogo jekundu, akichechemea kidogo. Akajikaza, akashuka bila koti.

"Utapata homa," Brynn alisema.

"Unaondoka leo?"

"Sasa hivi. Mjomba ananitaka Jumatatu." Alisukuma mto ndani, ukarudi nje, akausukuma tena. Darla akaushika upande wa pili, wakaushindilia pamoja, mlango ukafunga. Wakabaki wanatazamana na hakuna mto mwingine.

"Brynn, nataka kukuambia kitu, na sijazoea."

"Sema."

"Nilitaka ubaki. Si kwa sababu ya mabao. Mabao nitapata mtu. Nilikuwa nakungoja kila siku. Tangu saa nne naangalia saa. Nilishindwa kusaini kwa sababu nilitaka sana, nikajiogopa."

Upepo ulipuliza kutoka kwenye mahindi yaliyokwisha kukatwa. Brynn aliinamisha kichwa, akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Ungeniambia hayo mwezi wa nane," alisema, "ningemkatalia mjomba kazi yake palepale. Ningebaki kwa hilo tu, Kocha. Hata bila mpira. Unadhani mimi nilikuwa nakuja kula ule mkate?"

Darla alitaka kuuliza, na sasa je? Lakini gari lilikuwa limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionekani, na aliyeyaweka mambo hivyo ni yeye. Brynn akamkumbatia, haraka na kwa nguvu, kama walivyozoea kukumbatiana baada ya bao, nusu dakika basi. Kisha akaingia, akawasha, akarudi nyuma, akakata kona penye kibao cha chuo. Darla alimpungia mkono hata baada ya gari kutoonekana.

Alibaki amesimama kwenye nafasi ya gari lile, kwenye mstatili mkavu ambao theluji haikuwa imeufikia, machozi yakimtiririka na hakuyafuta. Gari kubwa la familia likaja likasimama mbele yake, taa ya kona ikiwaka. Mwanamke mmoja, mama wa mtu, akashusha kioo.

"Samahani, dada, unatoka?"

"Hapana," Darla alisema, akisogea pembeni kumpisha. "Mimi niko hapa tu."